Kabla ya Ukuta wa Pili

Siku niliyofika Mwabusegese, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumkamata jogoo wa mwenyekiti wa kijiji. Nikamfunga miguu, nikamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, nikapiga honi.

Mwenyekiti akatoka ndani na kijiko cha uji mkononi. Gindu Lushona, mtu mrefu, tumbo limetangulia.

"Wewe nani?"

"Osmund Tawete. Fundi mpya wa nguzo. Mngoni wa Songea."

Akamwangalia jogoo. Akaniangalia mimi. Halafu akageuka, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Jamani, jogoo ametutoka! Tumeletewa Mngoni!"

Nikasikia wanawake wanacheka huko ndani, na jogoo akawa wangu. Hakuna kesi, hakuna polisi. Mngoni na Msukuma ni watani tangu mababu walipoacha kupigana mikuki, na mtani akishika kitu chako kimekwenda. Unachoweza kufanya ni kumtukana na kusubiri zamu yako. Wao zamu yao hawakuichelewesha. Wiki ileile walinichukulia koti la mvua. Baadaye sufuria. Siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta kitanda hakipo, godoro limelazwa chini kwa adabu kabisa na shuka limetandikwa.

Nami sikukaa kimya. Nilichukua benchi la Masele, kofia ya mwenyekiti, ngoma ya kikundi cha kulima, jembe jipya la Mama Salu. Kwenye mazishi ya mzee mmoja nilishuka kaburini nikajilaza, nikasema sitoki mpaka nipewe ng'ombe. Wafiwa wakacheka na machozi yakiwatoka. Nikapewa bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikatoka. Ndiyo kazi ya mtani.

Kazi yangu nyingine ilikuwa pamba.

Pamba ya Mwabusegese ilikuwa shamba moja kubwa, kila kaya na kipande chake, mipaka ni njia za miguu tu. Katikati zilisimama nguzo, kila nguzo na taa kichwani. Alfajiri, kabla ya jua, taa zile ziliwaka kidogo, nyekundu ya mbali sana, jicho linaikamata kwa shida. Lakini majani ya pamba ile yaliiona. Ni mbegu iliyotengenezwa hivyo: inachanua yote kwa pamoja, na inakua kwa kusikiliza taa. Majani yakiona, yanapeleka habari kwenye vitumba, na nyuzi ndani ya vitumba zinatii.

Siku moja Gindu alinifuata kwenye kibanda cha mtambo. Alikuwa amechuma kitumba kibichi, amekificha kwenye shati kama mwizi.

"Fungua," akasema. "Nataka kuona mwanangu amefikia wapi."

Nikakipasua kwa wembe. Ndani nyuzi zilikuwa zimelowa, zimejikunja kama tambi zilizosahauliwa kwenye maji. Nikaweka uzi mmoja chini ya darubini, nikamwachia kiti.

"Mbona ni bomba tupu?"

"Ndivyo ulivyo ukiwa mchanga. Uzi mmoja ni chembe hai moja, mzee. Moja tu. Imechipuka kwenye ngozi ya mbegu ikaanza kurefuka, na bado inarefuka. Ukuta wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na selulosi iliyomo ni kidogo, imelala ovyo ovyo, kama kuni zilizomwagwa chini kutoka kichwani."

"Selulosi ndiyo nini?"

"Ndiyo pamba yenyewe. Hayo mengine ni maji na utomvu. Sasa ikimaliza kurefuka, taa zinaiambia: basi, nenepa. Inaanza kujenga ukuta wa pili kwa ndani, na huo ni selulosi karibu tupu. Hapo kuni hazimwagwi tena. Zinapangwa, zinabanwa, zinazungushwa kama unavyosokota kamba. Kila siku safu yake. Ukiukata uzi uliokomaa unaona pete, kama za mti. Ukuta unanenepa, tundu la katikati linazidi kuwa dogo. Siku kitumba kinapasuka maji yanakauka, uzi unabonyea, unajisokota. Hapo ndiyo unashikika, unasokoteka, unakunywa rangi."

Gindu hakutoa jicho kwenye darubini.

"Kwa hiyo kwanza unakuwa mrefu na mtupu ndani," akasema. "Kama Mngoni."

"Halafu unanenepa mpaka ndani hakuna nafasi ya akili. Kama Msukuma."

Alicheka mpaka darubini ikatikisika.

*

Daktari alipiga simu asubuhi, siku mbili kabla ya taa kutoa amri ya kunenepa.

Alikuwa Dokta Kasiana Mbawala, anayemtibu dada yangu. Tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba hakuwa ananisalimia.

"Osmund, mashine ya kusafisha damu imemkataa Otilia. Damu yake inaganda kila tukimuunganisha. Tumejaribu mara ya mwisho jana."

Nikakaa chini palepale, mlangoni pa kibanda.

Otilia ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye alikuwa anasuka nywele za watu chini ya mti wa stendi, na kwa nywele hizohizo nikasoma mpaka chuo. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, nikisema nimechoka na mihadhara nataka kushika mashine kwa mikono, hakunigombeza. Alisema tu, "Basi ushike vizuri."

"Kuna figo la pamba," Dokta akaendelea. "Unalijua."

Nalijua. Fundi yeyote wa nguzo analijua, ingawa wengi hatujawahi kuliona. Uzi wa pamba uliomaliza kurefuka lakini haujaanza ukuta wa pili ni mrija, tena mrija mzuri kuliko wowote uliotengenezwa kiwandani. Ukuta wa kwanza unapitisha uchafu wa damu na kuizuia damu yenyewe. Unaisimamisha pamba hapohapo shambani, ikiwa hai, unaipa siku chache itulie, unachuma. Maelfu kwa maelfu ya mirija inafungwa kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi, na mtu anatembea nacho kiunoni. Ukichelewa, ukuta wa pili unaanza, na mrija unaziba taratibu.

"Shamba gani?" nikauliza. Nilikuwa nalijua jibu.

"Mashamba ya Geita yameshanenepa. Ya Igunga bado mafupi, mgonjwa hawezi kuyasubiri. La kwako ndilo lina umri unaotakiwa. Kesho alfajiri au basi."

"Kiasi gani?"

"Lote, Osmund. Katika kitumba kizima nyuzi zinazofaa ni chache sana. Unajua."

Najua. Na nilijua upande wa pili pia. Pamba ikisimamishwa haiendelei. Ukiiamsha baadaye inaanza ukuta mpya juu ya ule uliolala, na uzi unakatika palepale ilipopumzika. Jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, haipokei. Haikamati rangi, haisokoteki, haifai hata kujazia mto wa adui yako. Na nguzo hazijui kipande cha huyu wala cha yule. Ni amri moja, shamba zima.

Ndiyo maana kuna sheria: mtambo hauwezi kusimamisha pamba bila ndiyo ya wenye shamba, kila mmoja kwa sauti yake. Mtambo unazijua sauti zote za Mwabusegese. Unamtofautisha Masele na pacha wake, kitu ambacho mama yao mwenyewe kinamshinda.

Nikaenda kuwaita watu.

*

Walikusanyika uwanja wa ushirika, kwenye sakafu ya kuanikia, wengine wamekalia maturubai yaliyokunjwa. Njiani nilikuwa nimejipanga. Nitaanza na salamu, nitaeleza ugonjwa, nitaeleza hasara, nitaomba.

Nikasimama mbele yao na kipaza sauti cha mtambo. Nikaona zile nyuso, meno tayari yako nje. Masele akapiga kelele, "Ficheni kuku, Mngoni kaja!"

Mdomo wangu ukafuata njia uliyoizoea.

"Safari hii sitaki kuku," nikasema. "Nimekuja kuchukua pamba."

Kicheko.

"Yote."

Kicheko kikubwa zaidi. Mzee mmoja akajipiga paja.

"Naisimamisha kesho alfajiri, jineri haitaiona. Ni ya dada yangu, anaumwa. Mnakubali?"

"Ndiyooo!" Uwanja mzima. Walijibu kama wanavyojibu mwimbaji wa ngoma.

"Chukua na mwenyekiti!" akasema mtu.

"Ndiyo, chukua na ng'ombe, maana Mngoni hajawahi kuwa nao!" Huyo alikuwa Mama Salu, mwanamke wa miraba minne mwenye kipande katikati ya shamba, anayeheshimika na kuogopwa kiasi hichohicho. Alikuwa anajifuta machozi kwa kanga.

Nikajaribu tena. "Jamani, sitanii."

Wakalala chini kwa kucheka.

Wakaondoka wakiendelea kucheka, wengine wananiiga jinsi nilivyosimama. Nikarudi kibandani. Kioo cha mtambo kilikuwa cha kijani, na ile sauti yake ya kike isiyochoka ikasema:

"Ridhaa imetimia. Sauti zote zimetambuliwa. Amri ya kusimamisha iko tayari."

Mtambo ulikuwa umesikia ndiyo. Kicheko ulikichuja, kama unavyochuja upepo na mbwa.

*

Dokta Mbawala aliona kijani huko aliko. Simu ikaita kabla sijakaa.

"Wamekubali wote! Osmund, watu gani hao? Ipange amri, mimi naandaa chumba."

"Dokta, walikuwa wanacheka."

"Kwa hiyo?"

"Walidhani utani."

Nikasikia viatu vinapita kwenye korido ya huko hospitali.

"Uliwaambia ni pamba yote?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambia haitauzika?"

"Ndiyo."

"Uliwaambia dada yako anaumwa?"

"Niliwaambia vyote."

"Basi hukudanganya. Kisheria umemaliza. Mimi nina mgonjwa ambaye hatafika Jumapili, na kijani iko mbele yangu. Usinitafutie ya kufikiria." Halafu akashusha sauti. "Ngoja. Yuko macho. Ongea naye."

Otilia alikuja kwenye simu na pumzi fupi fupi.

"Mdogo wangu. Nasikia nimepata shamba."

"Umepata."

"Wamekubali?"

Ningesema ndiyo. Na ingekuwa kweli. Mtambo wenyewe ungenitetea.

"Wamecheka, dada."

"Sijakuuliza hilo. Wamekubali au wamecheka?"

"Wamesema ndiyo huku wanacheka. Mimi mtani wao. Kila ninachosema wanacheka. Nikiwaambia nyumba inaungua watacheka, kisha waje waote moto."

Akacheka kidogo, ikamuumiza, akaacha.

"Wana njaa hao watu?"

"Mwaka huu hapana. Mwakani sijui."

"Osmund, sikiliza. Nataka kuishi. Usije ukasema Otilia alikuwa amechoka, sijachoka, nina vichwa vya watu nimeviacha nusu. Lakini hicho kitu nitakivaa kiunoni kila siku. Sitaki kuvaa kitu ambacho mwenyewe hajui kama alikitoa. Nenda kawaulize."

"Wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa," akasema. "Nenda bwana, unanimalizia pumzi."

Nilibaki nimeangalia kioo cha kijani. Sitaki kujisifu kwamba niliondoka haraka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kilikaa hapo. Nilijiambia: watasamehe. Mtani anasamehewa kila kitu. Watasema Mngoni kashinda safari hii, watanichukulia pikipiki, basi. Kilichonitoa pale ni hilohilo. Nilijua wangesamehe. Wangelala njaa na kunisamehe, kwa sababu desturi inawaambia hivyo, na mimi ningekuwa nimeitumia desturi yao kama panga.

*

Nilimkuta Gindu nyumbani kwake na watu kadhaa, wanakoboa karanga.

"Mzee, ile ya asubuhi ilikuwa kweli. Dada yangu anakufa."

"Msikilizeni," akasema Gindu, anatabasamu.

"Naapa." Na hapo nikaanza kulia, bila kupanga.

Wakashangilia. "Eee! Huyu kiboko! Angalia na kamasi!" Mke wa Gindu akaniletea kikombe, akakiweka chini ya kidevu changu, ati machozi yasipotee, wachemshie chai. Masele akawa anagaragara chini kwenye maganda ya karanga akiniigiza. Nikasimama pale, nimezungukwa na watu wanaonipenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisikia.

Ndipo nikakumbuka kitu kimoja ambacho mtani hafanyi.

Nikarudi kwangu. Nikafunga benchi nyuma ya pikipiki, juu yake ngoma, juu ya ngoma jembe. Kofia nikaivaa. Jogoo, ambaye sasa alikuwa mzito kama mtoto wa mbuzi na mwenye dharau, nikampakata. Nikaenda polepole nyumba kwa nyumba.

Kwa Masele nikashusha benchi mlangoni. "Benchi lako, kaka. Asante. Nisamehe kwa kulikalia."

Masele akafungua mdomo acheke. Mdomo ukabaki wazi.

Nikaacha ngoma kwa kiongozi wa kikundi. Nikaacha jembe kwa Mama Salu, nikapiga goti: "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Sijawahi kumwamkia. Salamu yangu kwake ilikuwa kumuuliza lini anaolewa na tembo. Alilishika jembe kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka kaburini.

Nilipofika kwa Gindu watu walikuwa wananifuata nyuma, kimya. Mtani harudishi kitu. Akirudisha, ama amevunja undugu, ama kuna jambo ambalo utani haulifikii. Nikavua kofia nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamweka jogoo miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

Gindu akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado hajafa," nikasema.

*

Tukarudi uwanja wa ushirika, na safari hii nilieleza kama nilivyopaswa. Nilipasua vitumba nikavipitisha mkono kwa mkono. Niliwaambia pamba yao ikisimama kesho alfajiri ni figo, na ikiendelea ni pamba, na haiwezi kuwa vyote viwili. Niliwaambia ile ndiyo ya asubuhi nimeifuta kwenye mtambo. Kioo nilikuwa nimekuja nacho, sasa ni chekundu, nikakigeuza wakakiona.

Hawakucheka. Waligombana, na sijawahi kushukuru ugomvi namna ile.

"Tutakula nini?" akasema mmoja.

"Mtama upo. Na mpunga wa bondeni."

"Mwaka wa ukame hatukuvuna hata kitumba, na bado tuko hapa."

"Ule ukame ulikuwa wa Mungu. Huu ni wa Mngoni."

"Huyo dada yako," Masele akauliza, "akipona atalima?"

"Anasuka nywele."

"Basi wake zetu watasukwa." Akatazama chini, akachora kitu vumbini kwa kidole. "Mimi ndiyo. Na safari hii nimesikia."

Pacha wake akasema ndiyo. Mke wa Gindu akasema ndiyo, akaongeza kwamba kile kikombe kinamuuma moyoni. Gindu alikuwa amekaa, jogoo amesimama kati ya miguu yake. Alikuwa na kipande kikubwa kuliko wote. Akasema, "Nisingeuona ule uzi kwenye darubini, ningesema hapana. Bahati yako nilishauona nikaupenda. Ndiyo." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wengine kwa sauti ndogo, mzee mmoja kwa hasira. Kila sauti ilipoingia, mtambo ulilia kidogo.

Halafu ikafika zamu ya Mama Salu.

"Hapana," akasema.

Watu wakageuka.

"Mayu," akasema Gindu taratibu, "mtu anakufa."

"Nimesikia, masikio ninayo. Nimelima peke yangu. Nimepalilia peke yangu, mgongo huu huu. Nina mambo yangu na ile pamba na sitayasema hapa. Asubuhi nilisema ndiyo kwa kuwa nilikuwa nacheka. Sasa nimeulizwa, nasema hapana." Akanitazama moja kwa moja. "Au swali lako lilikuwa na jibu moja?"

Minong'ono ikaanza. Mtu akasema roho mbaya. Mwingine akasema apigiwe kura, walio wengi washinde. Kipande chake kiko katikati kabisa, kimestawi, pamba nzuri kuliko zote. Nikampigia Dokta pembeni, nikamuuliza, bila hicho itakuwaje?

"Itabana," akasema. "Huenda ikatosha. Huenda isitoshe. Osmund, mtu mmoja? Hamuwezi kumbembeleza?"

Tungeweza. Kijiji kizima kikimkalia mtu mmoja mpaka jioni, atasema ndiyo. Na mtambo ungeipokea.

Nikarudi kwenye kipaza sauti.

"Lilikuwa na majibu mawili, mayu," nikasema. "Asante kwa kunijibu. Jamani, muacheni. Kipande chake tutakifunika taa isikione, nami nitakitoa kwenye orodha ya mtambo. Kwa vilivyobaki ndiyo zenu zinatosha."

*

Kabla ya alfajiri tulikuwa shambani. Tulileta maturubai yote ya kuanikia pamba, mapazia ya kanisa, mablanketi, kanga zilizoshonwa nne nne. Fito zilikuwa chache, kwa hiyo watu wakawa fito. Waliotoa pamba yao walisimama kukizunguka kipande cha aliyekataa, mikono juu, wanamkingia. Taa ya kunenepesha pamba yake ningekuwa naileta mwenyewe kila siku, ya mkononi, mstari kwa mstari, mpaka ikomae. Na niliileta. Pamba ya Mama Salu ilipasuka nyeupe peke yake katikati ya shamba lililolala, na jineri iliipokea.

Figo lilitosha. Lilibana, kama Dokta alivyosema. Alikuta mirija inayofaa inafikia kiasi kinachohitajika kwa shida, akaniambia baadaye kwamba aliihesabu upya. Otilia yuko hai, na kila asubuhi ananitumia ujumbe kuuliza kama nimeshapata akili. Mwaka ule Mwabusegese walikula mtama hadi wakauchukia. Hakuna aliyewahi kunikumbusha. Najikumbusha mwenyewe, kila siku, na sioni kuwa ni mzigo. Wako watu wanaoishi miaka mingi wasijue kama walichopewa walipewa kweli. Mimi najua, kwa kuwa yuko mmoja aliyeachwa aseme hapana, akasema, na kulipokucha tukamshikia paa.

Lakini alfajiri ile hayo yote sikuyajua bado. Nilikuwa nimeshika kona ya turubai, mikono inawaka moto, na kona ya pili ameishika Mama Salu mwenyewe. Hatukuwa tumesemezana tangu uwanjani. Chini yetu pamba yake ilikuwa nyeusi na baridi. Nje ya turubai, taa zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu ile isiyoonekana vizuri, na uwanda mzima wa Mwabusegese ukaacha kukua.

"Huyo dada yako," akasema bila kunitazama. "Ana jina?"

Nikagundua sikuwa nimewaambia.

"Otilia."

"Otilia," akarudia, taratibu, akilionja.

"Basi inua upande wako, Mngoni. Unashuka."

Nikainua.